Miaka mitatu na Transalp hapa Tabora: nilichofunga, nilichofungua

Kitu cha kwanza nilichoiongezea pikipiki yangu ndicho kilichonilaza njiani. Kilikuwa kisanduku cha kuwekea spana, nimekitengeneza mwenyewe kwa bati lililobaki tulipoezeka banda la kuku, nikakipaka rangi nyeusi, kikang'aa mpaka jirani akauliza nimekiagiza nchi gani. Nikakifunga ubavuni, upande wa kushoto, kikakaa kama kimezaliwa pale. Wiki ya tatu, nikirudi kutoka Nzega jioni, taa ya mbele ikaanza kuwa ya njano, kisha kama mshumaa, kisha pikipiki ikakohoa mara mbili na kunyamaza. Nililala kwenye kibanda cha mlinzi wa shamba la tumbaku. Mzee wa watu alinipa ugali na mlenda, wala hakuniuliza swali hata moja kuhusu pikipiki. Nilimshukuru kwa yote mawili.

Pikipiki yenyewe ni Honda Transalp XL650V, toleo lililotengenezwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2007. Injini ni ya silinda mbili zilizokaa mkao wa V, cc 647, inapozwa kwa maji, inatumia kabureta, gia tano, tanki lita 19. Niliinunua Dar es Salaam kwa msafiri aliyemaliza safari yake ya Afrika na hakutaka kurudi nayo kwao. Ushuru ukalipwa, ikapata namba ya MC, nikaiendesha mwenyewe hadi Tabora. Vijana wa bodaboda wakaiita Tembo, na swali lao ni lile lile hadi leo: "Shikamoo mjomba, hiyo inakunywa lita ngapi?" Kwenye lami, nikitembea spidi 90, lita moja inanipeleka kilomita 19 au 20. Kwenye kichanga usiniulize.

Sifa zake nilizisoma sana kabla ya kununua. Nyingi zimeandikwa na watu wenye gereji ya sakafu ya saruji na duka la spea mlango wa pili. Gereji yangu mimi ni chini ya mwembe, Isevya, na msimu wa embe lazima nifunike tanki kwa gunia. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu wa chini ya mwembe.

Turudi kwenye umeme, maana hapo ndipo nilipotoa ada kubwa kuliko kwingine. Asubuhi ile nilipofikishwa mjini juu ya Fuso, fundi wa kwanza alisema betri imekufa, ninunue nyingine. Ningemsikiliza, ningenunua betri mpya nayo ningeiua. Nyuma ya kava la ubavuni kuna rektifaya, kile kidude cha alumini chenye mapezi kama ya samaki. Kazi yake ni kupokea umeme unaotoka kwenye koili za magineto, kuunyoosha uwe wa kuchaji betri, na ule unaozidi kuugeuza joto. Mapezi yale yanataka upepo. Kisanduku changu kizuri kilikuwa kimeuzuia wote.

Namna ya kupima ni rahisi na mita ya bei ndogo inatosha. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha isome volti 12.6 au zaidi kidogo. Washa injini, pandisha mizunguko hadi katikati, mita ipande ikae karibu na 14 au 14.5. Ikivuka 15, rektifaya inaichemsha betri. Ikibaki 12 na kushuka, kama yangu, hakuna chaji inayoingia. Kabla hujailaumu rektifaya, chomoa soketi yenye waya tatu za njano zinazotoka kwenye injini, weka mita upande wa AC, upime waya mbili mbili huku injini inaunguruma. Namba zote tatu zikilingana na zikipanda pamoja, koili zako ni nzima. Zangu zililingana. Soketi ndiyo ilikuwa imeyeyuka nusu, plastiki imekuwa kama ubani.

Rektifaya ya kwanza niliyonunua ilikuja kwa basi kutoka Dar, imefungwa vizuri, haina jina la mtu yeyote. Ilidumu miezi miwili. Ya pili ilikuwa kuukuu, imetolewa kwenye pikipiki kubwa ya mbio iliyopata ajali, na bei yake ilizidi ile mpya. Hiyo ndiyo iliyopo mpaka sasa. Sikuirudisha mahali pa zamani. Niliifunga palipo wazi penye upepo, nikavuta waya nene moja kwa moja hadi betri kupitia fyuzi ya ampea 30, na viungo vyote vya waya nikaviunga kwa risasi ya kuyeyusha badala ya kuvizungushia tepu. Halafu nikafunga kwenye usukani mita ndogo ya volti, zile ambazo bodaboda hufunga kwa urembo. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyofunga na ndicho ninachokitazama kuliko hata spidomita.

Mabegi sasa. Nilitamani yale masanduku ya alumini ya kwenye picha, nikaulizia bei, nikaomba maji ya kunywa. Nikaenda kwa fundi cherehani wa maturubai, nikamchorea begi mbili kwenye karatasi, akashona kwa uzi wa nailoni kwa shilingi 35,000. Tatizo likawa mvua. Kuanzia Novemba huku haipigi hodi, na turubai jipya huvuja kwenye mshono. Lakini mtu wa Tabora atashindwaje kupata nta? Nilinunua nusu kilo kwa mama mmoja muuza asali, nikaichanganya na vijiko vinne vya mafuta ya alizeti ili isipasuke ikikauka. Nta usiiweke juu ya moto mtupu, inashika. Weka kopo lenye nta ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, inayeyuka taratibu ikifika nyuzi 60 na kitu. Kisha paka kwa brashi, nyoosha kwa pasi ya mkaa juu ya gazeti hadi turubai linywe.

"Baba Zawadi, sufuria ya maharage iko wapi?"

Nilinunua sufuria nyingine. Ila mabegi hayajaingiza hata tone, na nimepita mvua ya Sikonge ambayo mbele huoni. Kasoro ni mbili. Mafuta ya alizeti yalifanya turubai linate, likawa linakusanya vumbi lote la barabara. Safari hii nimepunguza hadi vijiko viwili. Kasoro ya pili ni nyuki. Nilisimama kwenye kivuli cha miombo nje kidogo ya Sikonge, nchi ya mizinga ile, nikale andazi. Walianza wawili, wakaja kumi, kisha nikasikia mlio. Andazi niliacha.

Keria ya kubebea mabegi alinichomelea kijana wa sokoni kwa bomba za chuma za inchi nusu. Nilimpelekea vipimo na vipande, pikipiki nikaiacha nyumbani. Usichomelee kitu kikiwa kwenye pikipiki huku betri imeungwa, umeme wa kuchomelea unaweza kupita kwenye kompyuta ya moto wa plagi na ukaimaliza. Hilo nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni kwamba keria iliyobana sana hukatika. Nikiwa safarini kwenda Kigoma, nimepita Urambo, Kaliua, nimevuka Daraja la Kikwete pale Malagarasi nikipiga picha kama mtalii, mbele kidogo kwenye kipande cha vumbi chenye matuta-matuta kama ubao wa kufulia nikasikia kitu kinagonga tairi. Mguu wa kushoto wa keria ulikuwa umekatika pembeni ya mshono wa weldi. Nilifunga kwa mpira wa tyubu hadi Uvinza. Fundi wa pale, mtu mzima, akalitazama akatikisa kichwa: "Mwanangu, chuma nacho kinataka kupumua." Akaweka vipande vya mpira wa tairi kila penye bolti, akatoboa matundu makubwa kidogo kuliko bolti zenyewe. Sasa keria inacheza kidogo sana, na haijakatika tena. Jioni nilikuwa Kigoma nakula mgebuka wa kuchoma, mikono bado ina grisi.

Cheni ilinifundisha adabu. Cheni ya pikipiki hii ina mipira midogo ndani ya viungo inayofungia grisi ya kiwandani, kwa hiyo kuisafisha kwa petroli ni kuiua. Mafuta ya taa na brashi laini vinatosha. Nikasoma kwamba wenzetu hufunga mashine ndogo inayodondoshea cheni mafuta safarini. Nikaenda duka la dawa nikanunua mrija wa dripu wenye kile kigurudumu cha kupunguza kasi, nikauunga kwenye chupa ya gia oili namba 90, ncha nikaielekeza kwenye sproketi ya nyuma. Tone moja kwa dakika. Kwenye lami ya Nzega ilifanya kazi kama imetoka kiwandani, na watu wa bodaboda walikuja kuniuliza pikipiki inaumwa nini. Kwenye vumbi la Ipole mafuta yale yalichanganyika na kichanga yakawa msasa. Sproketi ya mbele ikala meno yake yenyewe. Niliufungua mrija siku ile ile. Sasa napaka kwa kitambaa jioni nikifika, cheni ikiwa bado ya moto, nafuta inayozidi, na nalegeza ikae na mchezo wa sentimita 4 hivi katikati. Basi.

Filta ya hewa ni ya karatasi, na kijana wa kompresa ataipuliza kwa nguvu zote kutoka nje akidhani anakusaidia. Ipulizwe kutoka ndani, polepole. Mimi nimevalisha mdomo wa kuingizia hewa soksi ndefu ya kike ya nailoni iliyolowa oili kidogo, na naifua kila wiki wakati wa kiangazi. Usiku wa kwanza nilipoianika kwenye kamba ya nguo nilijieleza sana.

Vali ndizo zilizokuwa zinaniogopesha, kumbe ndiyo kazi tamu kuliko zote. Zipo sita, tatu kila silinda, na zinarekebishwa kwa skrubu na nati, si kwa vile vidonge vya chuma vya unene tofauti vya kuagiza. Nafasi ya kuacha juu ya zinazoingiza hewa ni 0.15 mm, zinazotoa moshi 0.20 mm. Kitabu kinataka injini iwe baridi, chini ya nyuzi 35, na hapa Oktoba ikifika saa nne asubuhi hata spana ni ya moto mkononi. Kwa hiyo naamka na adhana, natoa kiti, tanki na zile plastiki za ubavuni zenye skrubu nyingi kama vifungo vya kanzu ya harusi. Plagi ni nne, mbili kila silinda, na kuna zinazotaka mkono wa mtoto. Ukiipitisha fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, kati ya vali na skrubu, ipite huku inashikwa kidogo, kama unavuta noti chini ya kitabu kizito. Mara ya kwanza ilinichukua siku nzima na nikabakiwa na skrubu mbili. Siku hizi chai ya saa nne inanikuta nafunga tanki.

Tairi za mbele hazinisumbui. Rimu ni inchi 21, sawa na zile pikipiki za zamani za miradi na misheni, kwa hiyo tyubu zinapatikana hata Urambo. Nyuma ni 120/90-17 na hapo ndipo utakapolia. Namba 17 wauzaji wataona wakuletee ya bodaboda, ambayo ni nyembamba. Niliwahi kuivalisha baada ya miiba ya migunga kuitoboa yangu mara tatu siku moja, ikanifikisha nyumbani kwa mwendo wa baiskeli, lakini tyubu ya akiba ya nyuma tembea nayo kutoka Dar. Kung'oa tairi kwenye rimu natumia jeki ya gari: tairi chini ya bampa ya kipikapu cha shemeji, jeki juu ya ukingo wa tairi, pampu mara tano, linaachia lenyewe.

Springi za mbele ni laini kwa mtu wa kilo 90 na mizigo. Nimeongeza vipande vya bomba la PVC juu yake, imetosha.

Ukitaka kununua pikipiki ya namna hii iliyokwisha tembea, nenda na mita mfukoni kabla ya kwenda na hela. Pima chaji mbele ya mwenye nayo, shika soketi ya waya za njano uone kama imepauka, na chochote cha urembo alichofunga karibu na hapo kifungue utazame nyuma yake. Mimi spana zangu sasa zinakaa kwenye begi la turubai, chini kabisa, zimeviringishwa kwenye shuka kuukuu. Kile kisanduku cheusi kipo bandani, vifaranga wanakula ndani yake, na rangi haijabanduka.