Uzoefu wangu: saikolojia ya uhalifu chuoni, na slaidi ya tatu

Wadogo zangu mnaoomba vyuo mwaka huu mmenijaza maswali: saikolojia ya uhalifu ni kozi ya kuichukua au tuiache? Jibu langu la haraka ni iacheni. Sifa za kujiunga na muda wa kozi mtavikuta kwenye muongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, mimi sivirudii. Nataka kusema jambo ambalo halimo kwenye muongozo wowote: jinsi mhadhiri mmoja alivyotukata maneno tukiwa slaidi ya tatu, na kilichokuwemo kwenye slaidi hiyo.

Semesta karibu nzima tulilishwa wauaji wa Marekani. Ted Bundy, yule aliyeua wanawake wengi mmoja baada ya mwingine, alirudi kila wiki, picha kubwa ukutani, mara yuko mahakamani anacheka, mara gari lake, mara jengo la gereza la Florida alikonyongewa... samahani, aliuawa kwa kiti cha umeme mwaka 1989, hata hilo mhadhiri alilisema tofauti kila alipolitaja. Sikatai kwamba FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wana mchango wao. Maofisa wao walizunguka magerezani wakawahoji wauaji 36, na sehemu kubwa ya mambo ya kuchora wasifu wa mhalifu, yaani kukisia ni mtu wa aina gani kutokana na alichokifanya, ilianzia hapo. Lakini hao ni wanaume 36, wote wamefungwa Marekani, na ni wale tu waliokubali kuongea. Unaanzaje kumweleza mhalifu wa Tanzania kwa kuegemea hao? Hilo swali halikuulizwa darasani hata mara moja. Muuaji wa aina ya Bundy ni mhalifu adimu hukohuko kwao!

Sisi tuna bibi zetu wa Usukumani waliouawa kwa kuitwa wachawi, eti macho yao mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa jikoni miaka yote. Tuna ndugu zetu wenye ualbino waliokatwa viungo. Tuna Panya Road, vijana wa mitaa yetu ya Dar es Salaam, wengine wadogo kabisa, wakivamia nyumba na mapanga. Tuna mwizi wa simu anayepigwa mpaka kufa na wananchi wenye hasira kali, watu ambao asubuhi ile walikuwa wanauza vitumbua na kupeleka watoto shule. Kuna nini kichwani mwa baba wa watu anapoinama kuokota tofali? Hicho ndicho nilichokifuata chuoni. Nimeondoka nikijua rangi ya gari la Bundy.

Sasa tuje kwenye prizentesheni. Kikundi chetu kilichagua ushahidi wa macho: kwa nini mtu mkweli kabisa, asiye na chuki na yeyote, anaweza kusimama kizimbani akamtambua mtu ambaye siye. Slaidi ya kwanza ilikuwa swali lenyewe. Ya pili ilikuwa jaribio la wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer la mwaka 1974. Waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya ajali ya magari, kisha wengine wakaulizwa magari yalikuwa mwendo gani yalipobamizana, wengine yalipogongana tu. Baada ya wiki wote wakaulizwa kama waliona vioo vimevunjika. Kwenye filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika. Kati ya 50 walioulizwa kwa lile neno zito, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 wa neno jepesi, 7. Neno moja tu la muulizaji! Sasa fikiria askari anayemuuliza mama aliyeporwa usiku, "Huyo kijana mrefu alishika panga mkono gani?" Urefu kapewa, panga kapewa, na kesho atavisema vyote kama alivyoviona.

Slaidi ya tatu ilikuwa ya nyumbani. Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani, mwaka 1980. Mawakili wote nchini wanaijua. Mahakama ilisema ushahidi wa utambuzi wa macho usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa, na ikataja mambo ya kupima: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, umbali gani, ilikuwa mchana au usiku, mwanga ulikuwaje, na je, alimfahamu kabla. Yaani majaji wetu walikaa wakaandika mambo yaleyale ambayo wanasaikolojia wanahangaika nayo maabara. Nilikuwa najivunia ile slaidi kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya chuoni.

Nikasoma kipengele cha kwanza. Mhadhiri akainua mkono.

"Binti, hii ni saikolojia, siyo mahakama ya mwanzo."

"Samahani Dokta, hii ni kesi ya Mahakama ya Rufani, na inaungana na..."

"Mnaniletea vibaka hapa. Kaa chini. Kikundi kinachofuata."

Kikundi kilichofuata kilikuwa na Bundy. Wakapigiwa makofi.

Nilimfuata ofisini baadaye. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba macho yakiwa kwenye simu. Nikamwomba tu anieleze alama zetu zimekatwa kwa kosa gani, kwa sababu hatukumaliza hata nusu. Akasema alama hazijadiliwi. Kisha akaniangalia, mara ya kwanza tangu niingie, akasema, "Dunia nzima inasoma Bundy, wewe unataka kusoma Manzese?"

Ndiyo Dokta. Nataka kusoma Manzese, mtaa wetu wa Dar. Manzese kuna watu, kuna waliolia, kuna waliofungwa, kuna wanaorudi kutoka gereza la Ukonga na hakuna anayejua awapokeeje. Kama elimu hii haiwezi kuingia Manzese, basi serikali na wazazi wetu wanalipia nini? Niliyasema haya njia nzima nikirudi hosteli, na mpaka leo nikikumbuka nasikia joto la hasira kifuani.

Na mjue slaidi ya nne ilikuwa na nini, kwa kuwa darasa halikuiona. Mwaka 1998 wanasaikolojia Gary Wells na Amy Bradfield walionyesha kwamba shahidi aliyemchagua mtu asiye sahihi, akiambiwa tu "safi, umempatia", kujiamini kwake kunapanda. Anaanza hata kukumbuka kwamba alimwona vizuri, kwamba alikuwa makini. Halafu huyo ndiye anayefika mahakamani haoni shaka hata kidogo. Ukiunganisha hilo na gwaride la utambuzi kituoni, pale watu wanapopangwa mstari shahidi amwonyeshe mhalifu, askari anayejua mtuhumiwa ni yupi akiwa amesimama pembeni ya shahidi, unaona mtu anavyoweza kula miaka 30 ya unyang'anyi wa kutumia silaha bila kufika eneo la tukio. Tulikuwa tunapendekeza gwaride lisimamiwe na askari asiyemjua mtuhumiwa. Basi. Jambo lisilohitaji bajeti.

Hapa ndipo ushauri wangu wa iacheni unapoanza kunishinda, kwa sababu wazo lile lote hatukulitoa hewani. Tulilipata kwa mama mmoja aliyekuja kufundisha kwa muda, vipindi vichache tu. Siku moja akiwa anafundisha, kijana akaingia, akabishana naye kuhusu kebo ya projekta, akaichomoa, akatoka nayo. Tukadhani ni mtu wa ufundi. Wiki iliyofuata mama akasimamisha vijana watano mbele, akatuambia tumwandike mchukua kebo. Jirani yangu aliapa haki ya Mungu ni wa pili kutoka kushoto, eti anamkumbuka kwa kovu la shavuni. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika namba. Kisha mama akafungua mlango, yule kijana akaingia na kebo mkononi. Hakuwemo kati ya wale watano, na shavuni hana kovu. Darasa zima lilipiga kelele. Sijawahi kujifunza kitu kikaniingia namna ile. Yeye ndiye aliyetuambia habari za Waziri Amani, na ndiye aliyetueleza pia jinsi mahakama inavyompeleka mtuhumiwa anayetiliwa shaka ya akili hospitali ya Isanga, Dodoma, kuchunguzwa kabla kesi haijaendelea. Tuliomba kwenda kutembelea. Tukaambiwa basi halina mafuta, semesta ikaisha.

Mkataba wa yule mama haukuongezwa. Huyu wa Bundy bado yupo.

Kwa hiyo sijui niseme nini. Nikimkumbuka mama, naona ningeichagua kozi hii tena hata kesho, na kijana mwenye moyo wa kujua kwa nini watu wanaumizana asinyimwe. Nikikumbuka "kaa chini", narudi pale pale. Labda fanyeni hivi: kabla ya kulipa, nendeni idarani, msimame na wanafunzi wa mwaka wa tatu, muulize nani anafundisha, na kama wamewahi kufikishwa gerezani, mahakamani au Isanga. Wakianza kuwasimulia Bundy, chukueni vyeti vyenu muombe kwingine.

Barua ya kudai alama zetu zisahihishwe upya nimeipeleka kwa mkuu wa idara, haijajibiwa, na nitaikumbushia. Slaidi zote nne ninazo. Anayezitaka aseme, nitamtumia.