Nanaa ya kiriba na nanaa ya fungu: nilivyoziotesha Kigamboni

Mwaka jana mwezi wa pili nilinunua mche wa nanaa kwa wauza miche wa kando ya barabara, shilingi 3,000, ukiwa kwenye kiriba, kile kifuko cheusi cha plastiki cha kuoteshea miche. Majani mapana, ukiyagusa tu mkono mzima unanukia. Siku kumi hazikupita, kingo za majani zikageuka kahawia kama zimebabuliwa na moto. Nikalilaumu jua, nikausogeza kivulini. Wapi! Wiki ya tatu kilibaki kijiti.

Jirani yangu, mama mtu mzima, akaniuliza swali moja: "Unamwagilia maji gani mwanangu?" Ya kisima. Na kisima chetu, kama vingi vya huku karibu na bahari, kina chumvi. Ndoo ikikauka inabaki na ukoko mweupe pembeni. Nanaa haivumilii chumvi.

Kwa hiyo mche wenyewe sitausema vibaya, ulikuwa na afya. Lakini sikununua mwingine. Nilichukua fungu la nanaa la shilingi 500 sokoni, nikachagua vijiti tisa vinene, nikavikata chini kidogo ya kifundo, pale jani linapoota, nikapukuchua majani ya chini na kuvitia kwenye glasi ya maji dirishani, nikibadilisha maji kila baada ya siku mbili. Siku ya nane nyuzi nyeupe za mizizi zilianza kuchomoza kwenye vifundo. Sita vilishika.

Nimevipanda kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, nimeitoboa chini, udongo umechanganywa na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Inapata jua la asubuhi mpaka saa nne, halafu mwembe unaikinga. Maji ni ya bomba au ya mvua tu. Januari joto lilipokolea nilimwagilia asubuhi na jioni, maana udongo ukikauka siku moja inalala yote.

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, vilikuja mara moja tu, chini ya majani machanga. Maji yenye sabuni kidogo, siku tatu mfululizo, vikaisha.

Ardhini msiipande, jamani. Inatambaa chini kwa chini na kuibukia kwenye mchicha.

Kila wiki nakata ncha, nayo inazidi kuchanua matawi. Biriani ya Ijumaa sinunui tena nanaa, na yule mama jirani nimempelekea ndoo yake.