Nilitaka Nas, nikauziwa Nas aliyezibwa mdomo

Ukiikuta CD ya It Was Written, albamu ya Nas, rapa wa Marekani, mahali popote, angalia jalada kabla hujatoa hela. Pasipokuwa na kile kibandiko cheusi na cheupe cha kuwaonya wazazi, iache hapohapo. Yaelekea hilo ni toleo lililokatwa matusi. Mimi nimeuziwa hilo, na hasira haijanitoka, kwa hiyo anayetaka maoni ya mtu aliyetulia ajaribu kwingine.

Muuzaji simtaji. Anauza CD na santuri za nje, picha anapandisha mtandaoni, hela unatuma kwanza, mzigo unakuja na bodaboda. Kwenye picha yake kibandiko kilikuwepo. Kwenye CD iliyofika mlangoni kwangu hakipo. Nikamtumia picha zote mbili, yake na yangu, nikamuuliza kwa adabu kabisa: "Kaka, mbona hii siyo ile?" Akasoma, akanyamaza hadi usiku. Ndipo ikaja sauti, nyuma yake mpira unatangazwa kwenye runinga: "Mkuu, kwani si Nas huyohuyo? Matusi unayatakia nini, na wewe mtu mzima?"

Mtu mzima! Kibandiko kimewekwa kwa ajili ya watoto, mtu mzima ndiye aliyeruhusiwa. Nikamwambia anirudishie hela yangu. Akasema CD ikishatolewa nailoni hairudi. Sasa ningejuaje kwamba imekatwakatwa bila kuitoa nailoni nikaisikiliza? Hapo akanijibu kwa kidole gumba. Kidole gumba, basi.

Turudi kwenye muziki, kama ulionifikia unastahili jina hilo. "The Message" inaanza na lile gitaa walilolichukua kwa mwimbaji Sting, limepoa, zuri, na Nas anaingia juu yake kama mtu aliyesikia kuna wanaokitaka kiti chake. Mstari wa kwanza, wa pili, halafu kimya. Biti inatembea, mdomo haupo. Anarudi, anapotea tena. Ni kama mtu mwenye kwikwi amepewa kipaza sauti kwenye harusi. "Affirmative Action", ambamo wamo marapa AZ, Cormega na Foxy Brown, nayo imetobolewa vilevile, lakini zile hesabu za Foxy Brown za kugawa na kuzidisha gramu za unga, ambazo mashabiki wamezicheka miaka yote hii kwa sababu hazijumliki, hizo hawakuzigusa. Mkasi wa huyo aliyeikata albamu ulitafuta matusi tu, hesabu mbovu akaziacha zipite.

Kilichoniuma hasa ni "I Gave You Power". Humo Nas hazungumzi kama Nas, anazungumza kama bunduki. Bunduki inasimulia jinsi inavyofichwa, inavyobebwa, watu iliowaua na ilivyochoka na kazi hiyo, mpaka siku mwenyewe anaivuta mbele ya adui nayo inagoma kwa makusudi. Mwenyewe anakufa. Bunduki haijamaliza hata kujipongeza, anatokea mwingine anaiokota. Biti ni ya mtayarishaji DJ Premier, piano chache zenye huzuni, na Nas hapumziki. Wimbo wa namna hii hauvumilii hata neno moja kuanguka, maana hasira ya bunduki ndiyo hadithi yenyewe. Ukiipunguzia ukali wa ulimi umepata bunduki yenye adabu. Nani anataka bunduki yenye adabu?

Na hiki ndicho kinachonichekesha kwa uchungu. Mara ya kwanza niliisikia albamu hii kwenye kanda ya kunakili, imerekodiwa kutoka kwenye kanda nyingine ambayo nayo ilinakiliwa. Sauti ilikuwa inavuma, mwisho wa upande A wimbo ulikatika katikati. Lakini kila neno lilikuwemo. Leo nalipia halali, nalipia na bodaboda, napewa mashimo.

Halafu, kwa kuwa nimeshakasirika, wacha niseme na lile ambalo mashabiki wa Nas hatupendi kulisema. Albamu hii ilisafishwa mapema, kabla mtu wa mkasi hajaiona. Illmatic, albamu yake ya kwanza ya 1994, ilisifiwa na kila mwenye masikio, ila mauzo yalikwenda taratibu. Ya pili ikaja 1996 chini ya meneja Steve Stoute, kazi kubwa wakapewa watayarishaji Trackmasters, na ikaingia moja kwa moja namba moja kwenye chati ya Billboard ya Marekani. Waliomtengenezea biti za ile ya kwanza hawamo: Pete Rock hayupo. Q-Tip hayupo. Large Professor hayupo. Premier, aliyetengeneza nyimbo tatu kwenye ile ya kwanza, hapa ana moja. Kijana wa Queensbridge, mtaa wa New York, aliyekuwa akichungulia maisha kutoka dirishani sasa anajiita Escobar, jina la yule bwana wa madawa ya kulevya wa Kolombia, na kuvaa suti. Kwa hiyo CD yangu imeoshwa mara mbili, kwanza biti, baadaye maneno.

"Street Dreams" ndiyo mfano. Wimbo wa kundi la Eurythmics, "Sweet Dreams", unaujua kabla Nas hajafungua mdomo, na akishaufungua unaendelea kuusikia ule wa Eurythmics. "Nas Is Coming" ni mtayarishaji Dr. Dre wa Magharibi na Nas wa Mashariki pamoja, mwaka ambao marapa wa Mashariki na Magharibi ya Marekani walikuwa hawaongei vizuri, tukio ambalo lingetakiwa kutikisa dunia. Biti imelala. "Black Girl Lost" inamhurumia msichana kwa kiitikio laini cha JoJo wa kundi la Jodeci, baada ya nyimbo kadhaa ambazo hazikumhurumia msichana yeyote. Naipita siku zote.

Nilikuwa nimeshaandika hapa kwamba albamu ni ya kawaida. Nimefuta, kwa sababu ya "Take It in Blood". Biti ya huo haikusafishwa na mtu. Hakuna kiitikio cha redio, hakuna mgeni mwenye jina, kuna biti inayozunguka kichini-chini na Nas anachana kama hajui kuwa kuna kampuni inasubiri mauzo. Vina vinaingia ndani ya vina, katikati ya mstari, pale ambapo hukutegemea. Hata kwenye CD hii yenye kwikwi nimejikuta nikijaza maneno yaliyokatwa kwa sauti yangu mwenyewe, niko kwenye foleni, dereva wa pembeni ananitazama. "Suspect" nayo iko karibu hapo. Wanaosema huyu jamaa aliuza uandishi wake mwaka 1996 waisikilize hiyo moja kisha wanieleze nini kiliuzwa. Mapambo ndiyo yaliyouzwa. Kalamu ilibaki palepale.

Na wa mwisho, "If I Ruled the World", ule ambao natamani niuchukie kwa sababu ndio uliompeleka Nas kwenye kila redio. Biti imejengwa juu ya wimbo wa kundi la Whodini, wazo la kiitikio limetoka kwa rapa Kurtis Blow, yaani kila kitu cha kuazima. Lakini mwimbaji Lauryn Hill akifungua sauti hoja zangu zote zinakaa chini. Nas anaahidi kufungua vyumba vyote vya gereza la Attica awalete wafungwa Afrika, (nyumba za kupanga Dar kwa bei hizi watazipata wapi, hilo hakuliimba). Na huu mkasi umeuharibu kidogo sana. Nimeurudia mpaka nimefika nyumbani nikakaa ndani ya gari uishe.

Hapo nikaipa nyota nne. Kisha simu ikalia, ni yule muuzaji ananitangazia mzigo mpya. Tatu na nusu.