Geji ya upepo yenye kPa na psi: miezi minne nayo Malindi

Nimeinunua shilingi 850 kwenye duka la vipuri hapa Malindi mjini. Ni geji ya mshale, ina mpira mfupi na kitufe cha kupunguzia upepo. Nilichoifuatia ni uso wake wenye vipimo viwili vya upepo wa tairi: psi kwa wino mweusi nje, kPa kwa wino mwekundu ndani.

Kazi yangu ni kupeleka samaki soko la Kongowea, Mombasa. Gari langu limetoka Japani, na kibandiko cha mlangoni kinasema 220 kPa, kwenye mabano 2.2 kgf/cm², kipimo kingine cha upepo. Mafundi wa pancha ninaowajua wote huhesabu kwa psi. Mwaka jana nilimwambia kijana mmoja anitilie "mbili nukta mbili", akatia 22. Simlaumu, geji yake haikuwa na 2.2 popote. Lakini 22 psi ni kama 152 kPa tu, na mimi nilitakiwa niwe na 220, yaani 32 psi. Nikaondoka na samaki na barafu zangu, usukani mzito. Niliposimama Kilifi kushika tairi la nyuma, lilikuwa la moto, mkono haukai. Tairi zile zimeisha vibaya: katikati bado nzima, pembeni vipara.

Sasa napima mwenyewe alfajiri kabla gari halijatembea, maana tairi likishapata joto upepo hupanda na nambari huwa si ile ya kibandiko. Mshale mmoja unanionyesha 220 na 32 kwa pamoja. Nimejifunza na hesabu ya kichwa: kPa gawanya kwa saba, ongeza nusu. 220 inakupa 31.9, 250 inakupa 36.2. Kipo pia kipimo cha bar: moja ni kPa 100, au psi 14.5. Ile kgf/cm² inaikaribia bar lakini si yenyewe, moja ni psi 14.2. Kwa tairi la gari dogo tofauti hiyo haina madhara.

Kasoro ipo. Wino mwekundu umefifia mno, saa kumi na moja alfajiri bila tochi huoni kitu, na ndio upande ninaouhitaji zaidi. Hewa ya bahari nayo imeshaingia, kioo kina ukungu kwa ndani, kwa hiyo naifunga kwa kitambaa. Nililinganisha na geji ya fundi ninayemwamini: yake 32, yangu 31.

"Dada, psi moja haiui tairi," akaniambia. Nimekubali.

Kwa bei hiyo ningeinunua tena, na mdogo wangu wa tuktuk nimeshamchukulia yake.

Yule kijana wa 22 nilimrudia wiki iliyopita nikamwonyesha uso wa geji. Aliugeuzageuza kwenye mwanga, akachukua rangi nyeupe akaandika kwenye tangi la kompresa yake: 200 ni 29, 220 ni 32, 250 ni 36.