Mhadhara wa Jumamosi Kisumu: jinsi elektroni zinavyopoza molekuli

Kituo kimoja cha masomo ya ziada karibu na barabara ya Oginga Odinga hutoa mihadhara ya fizikia Jumamosi alasiri kwa kiingilio cha shilingi 200, na ule wa kupoza mitetemo ya ioni za molekuli, yaani molekuli zenye chaji ya umeme, ndio bora kati ya yote niliyohudhuria hapo.

Mwalimu alining'iniza gololi mbili za chuma zilizounganishwa kwa springi, akazivuta na kuziachia, kisha akazitembeza mbele ya darasa zikiendelea kutetemeka, ili tuone wazi kwamba mwendo wa molekuli nzima ni jambo moja na mtetemo wa ndani ni jambo jingine. Elektroni zinazosafiri sambamba na ioni kwa kasi ileile hutuliza ule mwendo wa molekuli nzima, mbinu aliyoibuni mwanafizikia Gersh Budker mwaka 1966. Lakini katika TSR, mashine ya umbo la pete ya kuzungushia ioni iliyokuwa Heidelberg, Ujerumani, yenye mzingo wa mita 55 hivi, ilionekana kwamba elektroni hizohizo hupunguza pia mtetemo, kwa kuwa elektroni inayoikaribia ioni polepole huondoka na nishati ya mtetemo ikiwa na kasi kubwa kuliko iliyokuja nayo.

Kijana wa kidato cha nne akauliza, "Mwalimu, kwani ioni haziwezi kupoa zenyewe?" Jibu lake pekee lilitosha kulipia kiingilio. Ioni yenye haidrojeni moja ya kawaida na moja nzito hutoa mnururisho na kupoa ndani ya sekunde moja, ilhali ile yenye viini viwili vinavyofanana haina njia hiyo, kwa hiyo mtetemo wake hudumu mpaka kitu kingine kiuondoe.

Kasoro iko katika sehemu ya mwisho, iliyopitiwa kwa haraka mno. Elektroni inaweza pia kunaswa na ioni na kuivunja kuwa atomu mbili, tukio ambalo uwezekano wake hutegemea kiwango cha mtetemo. Kwa hiyo ioni moto zikipungua ndani ya pete, ni lazima tujue ni ngapi zilizopoa na ni ngapi zilizovunjika. Mwanafunzi wa chuo kikuu angehitaji nusu saa nzima juu ya suala hili, naye alipewa dakika chache tu na nakala ya grafu iliyofifia kiasi cha kutosomeka.