Impakti ya betri kwa fundi magari: ipi ununue kwanza na ipi isubiri

Anayenunua impakti ya betri, yaani mashine ya kufungua na kufunga nati kwa mapigo, kwa mara ya kwanza huvutwa na namba moja iliyochapwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi: torki, yaani nguvu ya kuzungusha. Namba hiyo ina kazi yake, ila si ya kuanzia. Anza na kazi unayofanya kila siku, kisha betri, halafu ndipo uangalie torki.

Kwa fundi wa magari madogo, pikapu na basi dogo, jibu langu ni hili: nunua impakti ya nusu inchi (kipimo cha ncha inayoshika soketi) yenye nguvu ya kati, mota isiyo na brashi, ya volti 18, pamoja na betri ya Ah 4 au 5 (ampia-saa, kipimo cha ujazo wa betri). Siku hiyohiyo nunua soketi nyeusi za impakti na spana ya torki, ile inayokaza nati kwa kipimo unachokipanga. Pesa ikiwa haitoshi vyote, punguza ukubwa wa mashine. Soketi na spana ya torki usiziache.

Tuangalie namba zenyewe. Nati za magurudumu ya gari dogo kwa kawaida hufungwa kwa Nm (nyutoni-mita, kizio cha torki) 80 hadi 140 hivi, na gari kubwa zaidi huenda likakaribia Nm 200. Mbona basi kuna mashine za Nm 1,000 na kuendelea? Kwa sababu nati hufungwa ikiwa safi na hufunguliwa ikiwa na kutu, matope yaliyokauka, na pengine imeshakazwa kupita kiasi na aliyeishika kabla yako. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutoa vipimo viwili: cha kufunga, na cha kufungulia nati iliyokwama. Cha kufungulia huwa kikubwa, na ndicho huchapwa mbele ya boksi. Makita DTW300, kwa mfano, ina Nm 330 za kufunga na Nm 580 za kufungulia. Ukilinganisha mashine mbili, hakikisha unalinganisha kipimo cha aina moja. Tazama pia kizio: baadhi ya maboksi huandika futi-pauni, na futi-pauni moja ni Nm 1.36 hivi. Mashine iliyoandikwa 600 kwa futi-pauni ina nguvu kuliko iliyoandikwa 750 kwa Nm.

Nguvu hiyo haitoki kwenye mota moja kwa moja. Ndani ya impakti kuna nyundo inayozunguka, na ncha ya kushikia soketi ikikataa kuzunguka, nyundo hurudi nyuma kidogo kwa springi na kuipiga, mara elfu mbili, tatu kwa dakika au zaidi. Ni mapigo hayo yanayoivunja kutu, na ni kwa sababu yake mkono wako haupindwi kama unavyopindwa na drili inapokwama. Lakini pigo hupotea njiani. Ukiweka ekstensheni ndefu au kiungo cha kupinda kati ya mashine na nati, sehemu ya pigo huishia kwenye chuma kinachojipindapinda. Soketi ndefu moja ni bora kuliko soketi fupi yenye ekstensheni mbili.

Namba moja: nusu inchi, nguvu ya kati

Hapa nina maana ya mashine zenye Nm 500 hadi 1,100 za kufungulia. DTW300 iko upande wa chini wa kundi hili, na DeWalt DCF891 iko upande wa juu, ikiwa na futi-pauni 600 za kufunga na 800 za kufungulia, sawa na Nm 813 na 1,085 hivi. Kati ya hizo mbili kuna chaguo tele kutoka Milwaukee, Bosch, Ryobi na wengine.

Kundi hili nimelipa nafasi ya kwanza kwa sababu ya mkono na nafasi. Unapolala chini ya gari ukifungua bolti za saspensheni, uzito ndio unaoamua kama utamaliza kazi au utapumzika kila dakika mbili. Mashine ya kati huingia nyuma ya gurudumu, hufika kwenye bolti za kalipa, na nguvu yake inatosha nati za magurudumu, bolti za shokapu, na mara nyingi hata nati ya ekseli.

Chagua yenye hatua tatu au nne za kasi, na yenye mpangilio wa kufungulia unaosimama wenyewe nati inapolegea. Mpangilio huo huzuia nati kurushwa sakafuni na huokoa nyuzi za bolti. Taa nayo isipuuzwe: ya pete kuzunguka ncha hutoa mwanga pande zote, ile ya chini ya kifyatuo hutupa kivuli cha soketi palepale unapotazama.

Namba mbili: fupi ya inchi 3/8

Fundi mwenye impakti ya kati akiniuliza anunue nini baada yake, namwelekeza hapa. Mashine fupi za volti 12 zina urefu wa sentimita 12 hivi, na si dhaifu: Milwaukee M12 Fuel ya aina hii hufikia Nm 339. Hiyo hufungua nati za magurudumu ya magari mengi madogo yaliyotunzwa. Kazi yake hasa ni kwenye injini na chini ya dashibodi: bolti za alteneta, mabano ya gia, kinga za chini ya injini, bolti za spana namba 10 hadi 15.

Wapo watakaosema ianze hii. Kama kazi yako nyingi ni ya injini na magurudumu huyagusa mara chache, wana haki. Hasara yake ni betri. Ukianza na volti 12, kwa watengenezaji wengi betri hiyo haiingii kwenye mashine za volti 18, na utajikuta una chaja za aina mbili mapema.

Namba tatu: nusu inchi yenye nguvu kubwa

Makita DTW1002 ina Nm 1,000 za kufunga na 1,600 za kufungulia. Milwaukee M18 FHIWF12 ina Nm 1,356 na 1,898. Ni mashine nzuri sana kwa bolti ya puli ya krenki, nati za ekseli zilizoshika kutu, na magari ya kazi nzito. Lakini ikiwa na betri mashine kama hizi hupita kilo 3, na kichwa chake ni kirefu. Ikiwa gereji yako haina mtu anayeijua mashine, ndiyo itakayokukatia bolti za magurudumu. Nguvu hiyo haijui kama nati ni ya Nm 110 au 600.

Inunue ikiwa unafanya saspensheni na ekseli kila wiki. La sivyo, mashine ya kati pamoja na dawa ya kulegeza kutu na mpini mrefu wa mkono vitakufikisha.

Namba nne: inchi 3/4 na inchi moja

Hizi ni za malori na mabasi tu. Nati za magurudumu ya lori hufungwa kwa Nm 600 na zaidi, na ncha ya nusu inchi ikitumiwa huko kila siku huishia kuvunjika. Fundi wa magari madogo asishawishike.

Na ya upepo je? Kama tayari una kompresa kubwa, impakti ya upepo ni nyepesi kwa nguvu yake, haipati joto, na hudumu miaka. Ila kununua kompresa kwa ajili ya impakti peke yake, wakati nawe unaitwa barabarani kufuata magari yaliyoharibika, sioni faida.

Betri ndiyo unayoinunua kweli

Mashine utaibadilisha, aina ya betri utaishi nayo. Betri ya Makita haiingii kwenye DeWalt, wala ya Milwaukee kwenye Bosch. Kwa hiyo kabla ya kulipia impakti, angalia orodha ya vifaa vingine vya kampuni hiyo: kuna racheti? grainda? drili? taa? pampu ya grisi? Angalia pia kama betri na chaja za ziada zinapatikana pale ulipo, maana betri ndiyo itakayochoka kwanza.

Usihangaishwe na volti 18 dhidi ya volti 20. Betri zote mbili zina seli tano za lithiamu zilizopangwa mfululizo. Kila seli hutoa volti 3.6 kwa wastani, na tano ni 18. Ikiwa imejaa, seli hufika volti 4 na kidogo, na hapo ndipo 20 hutoka. Ni betri ileile yenye namba mbili.

Kinacholeta tofauti ya kweli ni Ah. Wengi hudhani Ah huongeza muda tu. Huongeza na nguvu pia. Betri ndogo ya Ah 2 kwa kawaida ina safu moja ya seli tano, na mashine inapodai mkondo mkubwa wa umeme, volti hushuka na mapigo hulegea. Betri ya Ah 4 au 5 ya kawaida ina safu mbili zinazogawana mzigo, hivyo impakti ileile hufungua nati iliyoshindikana na betri ndogo. Fundi anayelalamika kuwa mashine yake haifiki namba za kwenye boksi aangalie kwanza amechomeka betri gani. Seti inayouzwa kwa bei nafuu mara nyingi huja na betri ndogo mbili. Afadhali mashine tupu pamoja na betri moja kubwa.

Jihadhari na betri bandia. Seli za lithiamu zinahitaji saketi ya kuzilinda zisichajiwe kupita kiasi na zisipate joto kupindukia, na hapo ndipo watengenezaji wa bandia hubana gharama. Betri nyepesi isivyo kawaida, yenye Ah kubwa kupita zinazotangazwa na kampuni yenyewe, iache. Ile halali nayo isiachwe juani kwenye dirisha la gari, na ikitoka kazini ya moto ipoe kabla ya kuchajiwa.

Soketi nyeusi na spana ya torki

Soketi zinazong'aa ni za mkono. Chuma chake ni kigumu, na chini ya mapigo ya impakti huweza kupasuka na kurusha vipande. Za impakti ni nyeusi, nene zaidi, za chuma cha kromu na molibdenamu kinachovumilia mapigo. Chagua za pembe sita, si kumi na mbili, kwa sababu hushika ubavu wa nati na haziuli kona zake. Kwa magurudumu, 17, 19 na 21 zitakuhudumia sana, na kwa rimu za alumini tafuta zile nyembamba zenye ala ya plastiki ili usikwaruze rimu ya mteja.

Spana ya torki ndiyo ninayoisisitiza kuliko mashine yoyote. Impakti ni ya kufungua. Wakati wa kufunga, nati ianze kwa vidole, impakti iisogeze kwa kasi ndogo mpaka ikae, gari lishuke, kisha spana ya torki ikamilishe kwa kuvuka upande hadi upande, kwa kipimo cha mtengenezaji wa gari. Nati zilizokazwa kwa impakti hadi mwisho hazilingani, na hazilingani kwa namna usiyoweza kuiona: moja ina Nm 90, jirani yake 250. Bolti iliyovutwa kupita kiasi huja kukatika baadaye, gari likiwa mwendoni na familia ya mtu ikiwa ndani. Baada ya kilomita 50 hadi 100, nati zikaguliwe tena.

Zipo sehemu ambazo impakti isifike kabisa wakati wa kufunga: plagi za injini, bolti ya kumwagia oili, bolti za silinda hedi, na chochote kinachoingia kwenye alumini. Plagi nyingi hutaka Nm 10 hadi 30 tu.

Vifaa vingine kwa betri ileile

Racheti ya betri ya inchi 3/8 ndiyo inayookoa muda mwingi kwenye injini iliyobanana. Nyingi zina Nm 45 hadi 80, kwa hiyo legeza bolti kwa mkono kwanza, kisha racheti iitoe. Shika vizuri, maana bolti ikifika mwisho mpini hugeuka na kubana vidole.

Grainda ya milimita 115 au 125 ni ya bolti za ekzosi zisizofunguka tena. Nunua yenye breki ya diski, na usiiwashe karibu na tangi au mabomba ya mafuta. Drili yenye kasi ya chini inatosha kutoboa bolti iliyokatikia ndani. Pampu ya grisi ya betri ni raha kwa anayehudumia magari yenye nipeli nyingi, wengine hawaihitaji.

Na masikio. Impakti katika gereji iliyofungwa hufika karibu desibeli 100, na madhara kwa usikivu huanza kujengeka kuanzia 85 kwa anayekaa humo siku nzima. Weka vizibo vya masikio na miwani kwenye hesabu ya ununuzi tangu mwanzo.

Ukinunua iliyotumika

Shika ncha ya soketi uitikise: mchezo mdogo ni kawaida, mchezo mkubwa ni nyundo iliyokwisha. Tazama kona za ncha. Zikiwa za mviringo, soketi itaruka. Angalia pete au pini inayoshika soketi, ambayo mara nyingi huuzwa peke yake na hubadilishika kwa urahisi. Washa mashine bila mzigo, kasi zote, mbele na nyuma, ukinusa joto la kuungua. Halafu ijaribu kwenye nati halisi iliyokazwa, kwa betri yako mwenyewe kama unayo, kwa sababu betri iliyochoka huifanya mashine nzuri ionekane mbovu, na betri mpya ya muuzaji huweza kuificha mashine mbovu kwa dakika tano za majaribio.