Mashine ya kupimia kolesteroli nyumbani: uzoefu wangu

Nazungumzia zile mashine ndogo za mkononi: unatoboa kidole, tone la damu linaingia kwenye stripu (kipande chembamba cha kupimia), na baada ya muda mfupi unapata kolesteroli yote, HDL (kolesteroli "nzuri"), trigliseridi (mafuta mengine ya damu) na LDL (kolesteroli "mbaya"). Yangu naiona inafaa, kwa mtu mwenye subira. Anayetaka kujua nyama ya jana imemfanya nini atabaki kuchanganyikiwa tu.

Betri inakaa, namba zinasomeka hata bila miwani, na vipimo vya nyuma vinahifadhiwa pamoja na tarehe. Stripu ndizo zinazokula pesa, tena hazipatani na unyevu. Kifuniko kikiachwa wazi zinaharibika kabla ya tarehe yake.

Fitina yote iko kwenye tone la damu. Ukikamua kidole kwa nguvu, majimaji ya mwilini yanachanganyika na damu na namba zinashuka. Nawa kwa maji ya uvuguvugu, kausha vizuri, futa tone la kwanza, pima la pili. Na losheni ipakwe baadaye! Nyingi zina gliserini, na trigliseridi hupimwa kwa kuvunja mafuta ya damu na kupima gliserini inayotoka humo, kwa hiyo ile ya kwenye ngozi nayo inahesabiwa. Niliwahi kuona trigliseridi zimeruka mpaka mashine ikakataa kutoa LDL. Nikanawa kwa sabuni, nikapima kidole kingine, zikarudi mahali pake.

Hiyo LDL yenyewe, kwenye mashine kama yangu, haipimwi, inapigiwa hesabu. Unachukua kolesteroli yote, unatoa HDL, kisha unatoa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2 kama unasoma kwa milimoli kwa lita, au kwa 5 kama ni miligramu kwa desilita. Ni kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972, na hata maabara nyingi bado zinaitegemea. Trigliseridi zikizidi milimoli 4.5 kanuni haifai tena, ndipo unaona vistari badala ya namba. Maana yake ni kwamba makosa ya vipimo vitatu yanarundikana kwenye namba ileile ambayo daktari anaiangalia kwanza.

Sasa tuje kwenye mafuta ya kula, maana wengi wananunua mashine kwa ajili hiyo. Kolesteroli ya mtu yuleyule, bila kubadilisha chochote, hupanda na kushuka kwa asilimia 6 hivi. Ukijilaza dakika 20 kabla ya kupima inaweza kushuka kwa asilimia 10 ukilinganisha na ukiwa umesimama, kwa sababu maji yanarudi kwenye mishipa. Ugonjwa mkali nao huishusha. Jumlisha na kosa la mashine: vipimo viwili, kimoja kimoja, vinahitaji kupishana kwa karibu asilimia 15 hadi 20 ndipo useme kuna kilichobadilika. Kupunguza mafuta yanayoganda, kama ya siagi na nyama, na kutumia ya alizeti au soya, kunashusha LDL kweli. Ila mara nyingi ni kwa asilimia 10 hivi. Badiliko linajificha ndani ya mtikisiko! (Ukijazia pengo la mafuta kwa sukari na unga mweupe, trigliseridi zitapanda na HDL itashuka, kwa hiyo usiangalie LDL peke yake.)

Mimi napima saa ileile, nikiwa nimekaa kwa muda, siku tofauti, halafu natafuta wastani. Kabla ya kubadilisha mafuta wastani wa LDL ulikuwa milimoli 4.1 kwa lita, wiki kadhaa baadaye ukawa 3.6. Katikati kuna siku ilisoma 4.3. Ningekuwa na kipimo hicho kimoja tu, ningeirudia siagi kwa hasira.

Asubuhi moja nililinganisha na maabara: wao 5.8, mimi 5.4 kwa kolesteroli yote. Hiyo naivumilia. HDL ndiyo iliyopishana zaidi, na kwa sababu hiyo, pamoja na bei ya stripu, natoa nyota 3 kati ya 5. Anayemeza statini (dawa za kushusha kolesteroli) asiguse dozi kwa namba za kidoleni. Apime damu ya mshipa na aongee na daktari wake.